Jinsi ya kugawa ruhusa kwenye kalenda ya pamoja ya ofisi

Kalenda ya pamoja katika ofisi nyingi huanza kwa haraka. Mtu mmoja anaifungua kwenye akaunti yake, anaisambaza kwa wenzake wote, na kila mmoja anapewa ruhusa ya kufanya lolote ili asirudi kusumbua. Miezi michache inapita bila shida. Kisha asubuhi moja safari ya Morogoro inaonekana Jumatano badala ya Jumanne, dereva yuko nyumbani, na hakuna anayejua nani aliisogeza. Au mhasibu anafungua kalenda ya mkurugenzi kutafuta muda wa kusainiwa hundi, anakuta pameandikwa "Usaili: mhasibu mpya", Alhamisi saa nne asubuhi. Hapo hakuna aliyeiba nenosiri la mtu. Namna ruhusa zilivyowekwa ndiyo iliyowafikisha hapo.

Mwongozo huu ni kwa afisa utawala, katibu muhtasi au kijana wa TEHAMA aliyeachiwa kazi ya kupanga mambo haya. Nafuata zaidi Kalenda ya Google, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka kwenye ofisi ndogo na mashirika yetu. Wanaotumia Outlook wana sehemu yao mbele. Msimamo wangu utauona kila hatua: ruhusa ifuate kazi anayoifanya mtu kwenye hiyo kalenda, si cheo chake. Mkurugenzi hana haja ya kuhariri kalenda ya gari. Dereva naye hahariri, ila lazima aone kila kitu hadi jina la kituo na namba ya simu ya mwenyeji. Mratibu wa usafiri, hata akiwa ndiye mdogo kuliko wote ofisini, ndiye anayeandika.

Hatua ya 1: Tenganisha kalenda kabla ya kugawa ruhusa

Kosa linaloleta matatizo mengine yote ni kuweka kila kitu kwenye kalenda moja iitwayo "Ofisi". Ruhusa hutolewa kwa kalenda nzima. Huwezi kumwambia dereva aone safari tu na asione vikao vya bodi wakati vyote viko sehemu moja. Kwa hiyo chukua karatasi, andika mambo yanayopangwa ofisini kwenu, halafu jiulize kwa kila jambo nani analiandika na nani analisoma. Mambo mawili yenye waandishi tofauti au wasomaji tofauti ni kalenda mbili.

Ofisi ya watu kumi na tano hivi kwa kawaida hufika kalenda nne au tano: ya mkurugenzi, ya gari, ya ukumbi wa mikutano, ya likizo na safari za wafanyakazi, na pengine ya miadi ya wateja. Zikizidi hapo watu hawazifungui tena. Ukiona mmefika kumi, rudi uunganishe.

Kufungua kalenda mpya, tumia kompyuta. Upande wa kushoto wa ukurasa, karibu na orodha ya kalenda nyingine, kuna alama ya kujumlisha. Ibofye, chagua kuunda kalenda mpya, ipe jina linaloeleweka ("Gari la ofisi" linatosha), kisha hakikisha saa za eneo ni za Afrika Mashariki. Hili la saa lina umuhimu wake. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, lakini Uingereza husogeza saa mwezi Machi na Oktoba. Kalenda iliyofunguliwa na mfadhili akiwa London ikabaki na saa za huko inaweza kuwavurugia vikao vya kila wiki kwa saa nzima, na lawama zikaangukia mtandao.

Hatua ya 2: Kalenda iwe ya ofisi, isiwe ya mtu

Kabla ya kufikiria nani aone, amua kalenda inakaa kwenye akaunti gani. Hapa ndipo ofisi nyingi huumia, na huumia siku ambayo mtu anaacha kazi. Kalenda iliyofunguliwa kwenye akaunti ya mfanyakazi imefungamana na akaunti hiyo. Akaunti ikifutwa bila maandalizi, kalenda na miadi yake ya miezi ijayo vinaweza kwenda nayo.

Fungua akaunti moja ya utawala isiyo na jina la mtu, na kalenda zote za pamoja zizaliwe humo. Nenosiri lake likae mahali salama, liwe na uthibitishaji wa hatua mbili, na wasiopungua wawili wajue namna ya kulipata. Simu inayopokea namba za uthibitisho iwe ya ofisi. Nimeona mahali ambapo akaunti ni ya ofisi kabisa lakini namba ya simu ni ya aliyekuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, amesharudi chuoni na laini amebadilisha.

Akaunti hiyo isitumike kwa kazi za kila siku. Inaingiwa wakati wa kugawa au kuondoa ruhusa, kisha inafungwa. Kama ofisi inatumia Google Workspace ya kulipia, msimamizi wa mfumo ana uwezo wa kuhamisha kalenda na matukio kutoka kwa anayeondoka kabla ya kufuta akaunti yake. Mwombe afanye hivyo kwa utaratibu huo, akaunti isifutwe kwanza.

Hatua ya 3: Zijue ngazi nne

Ukifungua mipangilio ya kalenda na kwenda sehemu ya kushiriki na watu au vikundi mahususi, kila unayemwongeza anapewa ngazi moja kati ya nne. Zinafuatana kutoka ndogo hadi kubwa.

Ngazi ya kwanza inaonyesha tu kama muda umeshikwa au uko wazi. Mtu anaona kisanduku kuanzia saa nne hadi saa tano, bila jina la kikao, mahali, wala waalikwa. Watu huidharau ngazi hii kwa kuona inaficha mno, lakini ndiyo inayotosha kwa wengi. Anayetaka kujua kama mkurugenzi ana nafasi Jumatatu mchana haja yake imeshatimia hapo.

Ngazi ya pili inaonyesha maelezo yote: kichwa, mahali, maandishi yaliyomo, waalikwa. Matukio yaliyowekwa kuwa ya faragha ndiyo pekee yatakayoonekana kama muda ulioshikwa tu. Hii ni ya dereva kwenye kalenda ya gari, ya mapokezi kwenye kalenda ya ukumbi.

Ngazi ya tatu ni ya kuandika. Mwenye nayo anaongeza tukio, anabadilisha, anafuta, anarudisha lililofutwa. Jambo ambalo wengi hawalijui: anaona pia undani wa matukio ya faragha. Kwa hiyo mkurugenzi anayemwekea katibu wake ngazi ya tatu kisha akaandika "Daktari, majibu ya vipimo" na kuweka alama ya faragha, hajamficha katibu kitu. Amewaficha wengine wote. Kama kuna mambo ambayo hata katibu asiyaone, yaandikwe kwenye kalenda nyingine ya binafsi kabisa, na kwenye kalenda ya kazi muda ushikwe tu kwa neno "Sipatikani".

Ngazi ya nne inaongeza uwezo wa kugawa ruhusa kwa wengine. Huyu ameshika funguo za nyumba, na anaweza kuchonga nyingine akampa amtakaye bila kukuuliza. Kila kalenda iwe na wawili wa ngazi hii: akaunti ya utawala ya hatua ya 2 na mtu mmoja mwenye dhamana. Akiwa mmoja tu, siku yuko safarini ofisi imekwama. Wakiwa watano, baada ya muda hakuna atakayejua nani alimwingiza nani.

Hatua ya 4: Gawa kwa vikundi, si kwa mtu mmoja mmoja

Sasa kazi yenyewe. Kwenye kompyuta, peleka kishale juu ya jina la kalenda upande wa kushoto, bofya nukta tatu zinazojitokeza, ingia kwenye mipangilio na kushiriki. Shuka hadi sehemu ya watu na vikundi mahususi, bofya kuongeza, andika barua pepe, chagua ngazi, tuma. Anayepewa hupata barua pepe yenye kiungo; asipokibofya, kalenda haitaonekana kwenye orodha yake hata kama ruhusa anayo. Nusu ya malalamiko ya "mimi sioni kalenda" yanaishia hapa, pamoja na yale ya mtu aliyeingia kwenye simu kwa akaunti yake ya nyumbani badala ya ile ya kazini.

Badala ya kuandika majina kumi na tano, tengeneza vikundi vya barua pepe: wafanyakazi wote, madereva, uongozi. Mpe ruhusa kikundi. Dereva mpya akiajiriwa unamwongeza kwenye kikundi cha madereva na ruhusa zake zinakuja zenyewe. Akiondoka unamtoa mara moja tu. Aliyeongezwa baadaye mtumie kiungo cha kalenda, maana haitajitokeza yenyewe mbele yake.

Kikundi kipewe ngazi ya kwanza au ya pili. Ngazi ya kuandika mpe mtu kwa jina lake. Ukiipa kikundi kizima, yeyote atakayeingizwa humo kwa sababu nyingine kabisa, kwa mfano ili apokee barua za tangazo, atakuwa amepata na kalamu.

Kuna sehemu nyingine juu kidogo kwenye ukurasa huohuo wa mipangilio ambayo watu huiruka: inayosema kalenda ipatikane kwa kila aliye kwenye shirika lenu. Kwenye akaunti za Workspace, mpangilio wa kawaida ambao haujaguswa na msimamizi huwaruhusu wenzako wote wa ofisi kuona undani wa matukio kwenye kalenda yako kuu. Mhasibu wa kisa cha mwanzo hakupewa ruhusa na mtu. Mlango ulikuwa wazi tangu akaunti ya mkurugenzi ilipofunguliwa. Mwombe msimamizi wa mfumo abadilishe mpangilio huo kwa ofisi nzima, watu waone muda ulioshikwa tu, kisha kila anayetaka kufungua zaidi afungue kwa hiari yake. Usipowahi kufanya jambo jingine lolote katika mwongozo huu, fanya hili.

Hatua ya 5: Vichwa vya matukio

Ruhusa zikipangwa vizuri namna gani, kichwa cha tukio kitasambaa. Kinatokea kwenye skrini ya simu iliyolala mezani, kwenye ukuta wa ukumbi wakati wa kuonyesha ripoti, kwenye karatasi ya ratiba iliyochapishwa na kusahauliwa kwenye mashine. Kwa hiyo mzoeze kila mwenye ngazi ya kuandika aandike kichwa kama vile kitasomwa na mgeni aliyeketi mapokezi.

"Kikao cha nidhamu" pamoja na jina la mtu kinakuwa "Kikao cha utawala". Kwenye kalenda ya likizo usiandike likizo ya ugonjwa, ya uzazi au ya msiba. Andika jina na "Hayupo", tarehe za kuondoka na kurudi zinatosha. Sababu zinakaa kwenye faili la utumishi. Miadi ya wateja kwa ofisi za wanasheria, zahanati na washauri iandikwe kwa namba ya jalada, si jina na tatizo lake. Hapo sheria nayo ina neno: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Jina la mgonjwa na saa ya kumwona daktari ni taarifa binafsi hata zikiwa kwenye kisanduku kidogo cha rangi ya kijani, na za afya ni katika zile zinazohesabiwa nyeti.

Usaili unahitaji uangalifu wa ziada. Ukiunda tukio moja na kuwaalika waombaji wote watano kama wageni, kila mmoja ataona barua pepe za wenzake, kwa sababu kwa kawaida wageni huruhusiwa kuona orodha ya waalikwa na hata kualika wengine. Ruhusa hizi ni za tukio lenyewe, haziingiliani na zile ngazi nne za kalenda, na unaziondoa kwa kutoa alama za vema chini ya orodha ya wageni. Kwa usaili, tuma mwaliko mmoja kwa kila mwombaji, na tukio la jopo la wasaili liwe peke yake.

Hatua ya 6: Gari na ukumbi

Kalenda hizi mbili ndizo zinazogombaniwa, na hapa kuna tofauti kubwa kati ya akaunti za bure na za kulipia.

Kwenye Workspace msimamizi anaweza kuandikisha ukumbi au gari kama rasilimali. Mfanyakazi anaunda kikao kwenye kalenda yake, anaongeza ukumbi kama anavyoongeza mgeni, na mfumo unaukubali au kuukataa kulingana na nafasi. Hakuna anayehitaji ngazi ya kuandika kwenye kalenda ya ukumbi. Kama ofisi yenu inalipia huduma hii na bado mnatumia kalenda ya kawaida kwa ukumbi, mnajitesa bure.

Kwenye akaunti za bure hakuna wa kukataa. Kalenda ya pamoja itapokea safari mbili za gari moja kwa saa ileile na kuzipanga ubavu kwa ubavu bila kulalamika. Ndiyo maana ngazi ya kuandika ibaki kwa watu wawili tu, mratibu na msaidizi wake, na wengine waombe. Ombi liwe na umbo moja ili lisizue maswali, hata likija kwa WhatsApp:

"Dada, naomba gari Jumanne tarehe 14, kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Bandarini, kutoa mzigo. Watu wawili."

Mratibu anaandika kwenye kalenda, na kilicho kwenye kalenda ndicho kinachohesabika. Ombi lililobaki WhatsApp si safari. Bila kanuni hii ruhusa zote ulizopanga hazina kazi, kwa sababu ratiba ya kweli itakuwa kwenye simu ya mtu.

Na huyo mratibu mfundishe saa kabla hujampa kalamu. Kalenda inahesabu kwa saa ishirini na nne. Mtu anayesikia "saa tatu asubuhi" akaweka 3:00 ameweka saa tisa usiku, na kila aliyewasha ukumbusho ataamshwa nayo. Saa tatu asubuhi ni 9:00, saa nane mchana ni 14:00. Inaonekana jambo dogo mpaka simu ya mwenyekiti wa bodi ilie usiku wa manane.

Jambo jingine la kuweka mapema: kwenye mipangilio ya kalenda ya gari, ukiwa umeingia kama mratibu, kuna sehemu ya arifa nyingine ambapo unaweza kuomba barua pepe kila tukio linapoongezwa, kubadilishwa au kufutwa. Iwashe. Ile safari iliyosogezwa kwa kidole gumba kwenye simu itakuletea barua dakika ileile, badala ya wewe kuigundua dereva akiwa hayupo. Kilichofutwa kwa bahati mbaya hukaa kwenye kapu la taka la kalenda kwa siku 30. Ingia kwenye kompyuta, fungua kapu kutoka mipangilio, rudisha.

Hatua ya 7: Watu wa nje

Mshauri, mkaguzi, mwalimu wa semina, mfadhili. Wote hawa siku moja wataomba waone kalenda. Jibu la kwanza liwe mwaliko wa tukio linalowahusu. Mtu anayekuja kwa vikao vitatu anahitaji mialiko mitatu, hahitaji kalenda.

Akihitaji kweli, mwongeze kwa barua pepe yake kwa ngazi ya kwanza au ya pili, na siku hiyohiyo weka ukumbusho kwenye kalenda ya utawala wa kumwondoa mkataba wake ukiisha. Mfumo ukikukatalia kumpa ngazi kubwa, huenda msimamizi ameweka kikomo cha kushiriki na watu wasio wa shirika. Usikwepe kwa kuhamishia mambo kwenye akaunti yako ya nyumbani.

Njia mbili za mkato zinahitaji tahadhari. Moja ni kuifanya kalenda kuwa wazi kwa umma. Inafaa kwa ratiba ya semina mnazotangaza, haifai kwa kitu kingine chochote: matukio yake yanaweza kusomwa na mtu yeyote duniani, na kupatikana hata kwa kutafuta kwenye Google. Nyingine ni anwani ya siri iliyo chini kabisa ya mipangilio, ile inayotumika kuunganisha kalenda na programu nyingine. Mwenye anwani hiyo haulizwi nenosiri. Anasoma kila kitu, na jina lake halionekani kwenye orodha ya watu uliowapa ruhusa, hivyo unaweza kukagua orodha mwaka mzima usimwone. Kama iliwahi kutumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, ibadilishe leo. Pembeni yake kuna kitufe cha kuiweka upya, na ya zamani inakufa hapohapo.

Hatua ya 8: Kwa wanaotumia Outlook

Mantiki ni ileile, ngazi zimekatwa tofauti. Kwenye Microsoft 365 wenzako ofisini kwa kawaida huona tu kama una shughuli, kwa hiyo mnaanzia mahali salama kuliko wa Google. Juu ya hapo kuna ngazi ya kuona vichwa na mahali tu, ya kuona maelezo yote, ya kuhariri, na ya mwisho ni ya mwakilishi. Ile ya vichwa na mahali haipo Google, na ni nzuri kwa mapokezi: wanajua nani anaenda ukumbi gani bila kusoma ajenda.

Mwakilishi ni zaidi ya mhariri. Anapokea mialiko ya vikao kwa niaba ya bosi wake na kuijibu. Hiyo ni nafasi ya katibu muhtasi, na kwa kawaida iwe ya mtu mmoja. Mawakilishi wawili bila makubaliano, mmoja atakubali kikao ambacho mwenzake amekikataa. Wakati wa kumteua, Outlook hukuuliza kama aone mambo ya faragha. Acha bila alama mpaka mwenye kalenda aseme mwenyewe.

Alama ya faragha kwenye Outlook pia usiitegemee peke yake. Microsoft wenyewe wanatahadharisha kwamba mtu mwenye ruhusa ya kusoma kalenda anaweza kufikia undani huo kwa programu nyingine. Jambo nyeti lisiwe kwenye kalenda ambayo wengine wanaisoma.

Kuhusu kumbi: ukumbi ulioandikishwa kwenye mfumo huonyesha kwa kawaida jina la aliyeuomba mahali pa kichwa cha kikao. Watu hulalamika kuwa "ukumbi umepoteza vichwa vya vikao vyetu". Haujapoteza, umewekwa hivyo, na ningeshauri muuache hivyo. Msimamizi anayetaka orodha ya wote wenye ruhusa kwenye kalenda fulani ataipata haraka kwa amri ya Get-MailboxFolderPermission (huandikwa kwenye PowerShell, programu ya amri ya Microsoft) kuliko kufungua akaunti moja moja.

Hatua ya 9: Jaribu, kisha kagua

Usiamini mipangilio kwa kuitazama ukiwa umeingia na akaunti ya utawala. Huyo anaona kila kitu. Nenda kwenye meza ya dereva, ya mapokezi, ya mhasibu, waombe wafungue kalenda mbele yako. Angalia mambo mawili: je, anaona anachohitaji kufanyia kazi? Je, kuna kitu anaona kinachomfanya anyamaze ghafla? Dakika tano kwa kila mmoja zinatosha.

Kila robo ya mwaka, fungua orodha ya ruhusa ya kila kalenda na uisome kuanzia juu hadi chini. Jina usilolijua, liondoe. Mwenye haja nalo atakuja. Barua pepe ya mtu aliyehamia kitengo kingine, irekebishe. Fanya hivyo pia baada ya msimu wa wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, kwa kuwa hao hupewa ruhusa za dharura siku ya kwanza na hakuna anayekumbuka kuziondoa wanaporudi chuoni.

Mfanyakazi anapoondoka, kalenda iingie kwenye fomu ya makabidhiano, mstari mmoja na kompyuta mpakato na kitambulisho. Siku ya mwisho, kabla hajaaga: vikao vya kujirudia alivyoviunda vipate mwenye kumrithi, kalenda zozote alizozifungua zihamishiwe kwenye akaunti ya utawala, atolewe kwenye vikundi, na anwani za siri za kalenda alizokuwa anazisimamia ziwekwe upya. Kisha fomu isainiwe na pande zote mbili.